Sinali Asiimbe

Bunia, tarehe 8, mwezi wa pili, 2009

Mama mukubwa Musoki,

Pokea salamu zetu za mikono mbili. Siye huku tuko wazima, Mungu anatuchunga. Mvua bado kunyesha, vumbi ya boulevard inaingia mpaka ndani ya sahani. Mama iko bien, ila mugongo ndio unamusumbua juu ya kukaa sana ku machine ya kushona, lakini ukimuambia apumzike anakuangalia tu. Anakusalimia, anauliza kama kikohozi yako ya baridi ya Butembo iliisha. Muke wangu Gentille anakusalimia naye. Mutoto wetu Gérard ameota meno mbili, anauma kila kitu, juzi aliuma Biblia.

Nilitaka kukupigia simu, lakini nakumbuka vile ulisema: simu inakula unité ulizonunua mbele ya salamu kuisha. Basi naandika, na barua inakuja na Léon, yule chauffeur wa Fuso ya vitunguu.

Sasa niingie mu neno lenyewe. Unajua kama ninaongoza vijana wa théâtre hapa ku salle ya parokia. Mpaka leo tulikuwa tunacheza michezo ya mashirika: kunawa mikono, kulala ndani ya chandarua. Batu wanakuja, wanacheka, wanachukua sabuni yao, wanarudi kwao. Vijana wamechoka. Didier, yule wa moto-taxi, aliniambia: "Directeur, miye sitaki tena kucheza mikrobe." Wakaniuliza kama hakuna hadithi kubwa, hadithi ya maajabu.

Nikawasomea kitabu yako. Mlima Wenye Milango, yote, kidogo kidogo kila siku kisha répétition, mazoezi yetu. Nilipofika pale Sinali anatoa sauti yake ku mulango wa mwisho, Angélique, muimbaji wetu, aliinuka akatoka inje, na hakurudi mpaka kesho yake.

Mama mukubwa, tunataka kuipandisha ku jukwaa. Lakini si kwa kusema tu. Kwa kuimba, mwanzo mpaka mwisho, na korali, na ngoma, na gitare mbili. Nakuomba ruhusa.

Mutoto wako,
Liévin Katsuva


Butembo, tarehe 3, mwezi wa tatu, 2009

Mutoto wangu Liévin,

Salamu nyingi kwako, kwa Gentille, na kwa mjukuu wangu. Mumpe kipande cha muwa aache Neno la Mungu. Kikohozi kilikwisha, muambie mama yako, ila goti limechukua zamu. Kabichi zimefunga vizuri mwaka huu. Wazee wenzangu wa shule wanakufa mmoja mmoja, nami nikienda mazishini wananiuliza kama ninaandika kingine. Nawaambia kimoja kinatosha.

Unaandika "kitabu yako". Mimi mwenyewe nilikufundisha darasa la tatu, nilikosea wapi?

Nilifurahi kwamba vijana walikisikiliza. Sijui kama walikielewa. Niliandika juu ya binti anayepita ndani ya mlima akimubeba ndugu yake mudogo aliye mgonjwa. Kila mlango una jitu, na kila jitu linadai ushuru. La kwanza linataka kivuli chake, la pili linataka harufu ya nyumbani kwao, na hivyo hivyo, mpaka la mwisho linalomuambia: sauti yako, au mutoto arudi alikotoka. Naye anatoa. Tangu pale mpaka mwisho wa kitabu Sinali hasemi hata "ee".

Ruhusa ninakupa. Punguza milango ukitaka, weka ngoma unapotaka. Lakini neno hili moja ulishike. Sinali akishatoa sauti yake, asiimbe. Asiimbe hata kidogo, hata mwishoni, hata watu wakisimama wakipiga makofi. Usiniulize sababu.

Na mama yako mumuachie nguo zenu za kushona. Kitabu chenyewe asisumbuliwe nacho.

Mama yako mukubwa,
Musoki


Bunia, tarehe 19, mwezi wa ine, 2009

Mama mukubwa,

Salamu za Pasaka. Mvua imekuja, vumbi imekuwa potopoto, na moto-taxi zinaanguka kila kona. Didier alianguka mara moja lakini iko muzima. Mama anakushukuru juu ya maharagi. Anasema ya Butembo inaiva haraka, ya huku ni mawe.

Kazi inaendelea. Wacha nikuambie vile kitabu inageuka ikifika ku jukwaa, utacheka. Ule ukungu wa sura ya pili, weye unaueleza kurasa kwa kurasa, mpaka mutu anayesoma anasikia baridi ku miguu. Siye tunachoma majani mabichi ndani ya ndoo nyuma ya rideau, ile pazia, na korali inafanya "shhh" pole pole. Imeisha mbele hujakaa vizuri, na batu wote wanakohoa. Yule babu muchunga mbuzi tulimutoa. Unisamehe. Ndani ya kitabu maneno yake ni matamu, lakini ku jukwaa alisimama tu akasema, akasema, vijana wakaanza kupiga miayo, na mbuzi ikakula kamba ya rideau.

Lakini majitu, mama mukubwa! Weye unatueleza meno yao, nywele yao, pumzi yao. Didier anavaa kichwa kikubwa, anafunga kamba kukata njia, ananyoosha mukono bila kusema kitu. Basi. Batoto waliokuja kuchungulia walicheka na kukimbia pamoja. Hakuna mutu hapa asiyejua ule mukono wa maaskari ku vizuizi vya barabara. Responsable wa salle alituomba jitu lisivae kijani kama wao. Anasema amani iko, lakini haijazoea mizaha. Mama akachukua bâche ya zamani, turubai ya wakati wa kambi ya wakimbizi, akaitia rangi ya udongo, akashona jitu lenye mabega kama mulango wa kanisa. Alikuwa anashona na anatabasamu. Hakuuliza hadithi ni ya nani. Nami sikumuambia.

Didier ni mutu wa Iga Barrière, Angélique kwao ni Djugu, yule anacheza ndugu mudogo ni wa hapa Mudzipela. Miaka sita nyuma, wakati wa vita, hawangekaa ku benchi moja. Sasa wanagombana juu ya nani alimaliza mandazi.

Juu ya mwisho, tungali tunatafuta. Nitakuandikia.

Liévin


Butembo, tarehe 24, mwezi wa tano, 2009

Liévin,

Salamu. Niko muzima. Mvua imeoza kabichi.

Ndugu yetu Kamate amerudi kutoka Bunia na vitenge vyake. Anasema alipita kwenu akaona répétition, na mwishoni binti anaipata sauti yake, anapanda juu ya meza, anaimba mpaka mabati yanatetemeka. Akaniimbia wimbo wenyewe hapa mlangoni pangu, mzigo ungali kichwani.

Wimbo ni muzuri. Hilo ndilo limeniumiza zaidi.

Uliniandikia barua nzima juu ya moshi na mbuzi. Juu ya neno moja nililokuomba uliandika "tungali tunatafuta". Mutu anayetafuta hawi na wimbo uliokwisha kutungwa na korali yake ya kuitikia.

Ruhusa yangu nimeirudisha. Musicheze.

Usalimie mama yako. Barua hii asiione.

Musoki


Bunia, tarehe 28, mwezi wa sita, 2009

Mama mukubwa, mama yangu,

Barua yako ilikawia. Léon alikwama Komanda juu risasi ilisikika mu pori; hakuna aliyekufa, lakini magari yote ilikataa kutembea. Alipofika aliniletea bahasha na mufuko wa vitunguu vilivyoanza kuota majani. Mama alivipanda nyuma ya nyumba. Gérard anatambaa. Gentille alikuwa na malaria, amepona.

Nilikuficha, ni kweli. Niliogopa. Sasa sikiliza vile ilikuwa.

Haujamusikia Angélique. Anauza makayabo ku soko, na akiita wanunuzi, hata batu wasiopenda samaki wanasimama. Nilimuambia: "Kisha mulango wa mwisho hauimbi tena."

Akauliza: "Mpaka mwisho?"

Nikasema: "Ee."

Akaniambia: "Directeur, wakati wa vita tulijificha mu pori. Tulinyamaza juu mutu akisikia sauti anakuja. Hata kukohoa tulikohoa ndani ya kitambaa. Sasa nimepata pahali pa kuimba, na weye unaniletea hadithi ya kunyamaza?"

Ile wimbo niliiandika siku ile ile.

Tumesimamisha kila kitu. Vijana wanakuja tu kukaa ku ngazi ya salle. Hélico ya ONU, ndege ya Umoja wa Mataifa, inapita juu yetu, hakuna anayeinua kichwa.

Mama mukubwa, naomba neno moja. Sinali ni nani? Nauliza juu ndani ya nyumba hii kuna mutu aliyeongoza korali ya parokia tangu ujana wake mpaka vita ya 2003, na kutoka pale hajaimba hata kumulaza mutoto.

Liévin


Butembo, tarehe 12, mwezi wa saba, 2009

Mutoto wangu Liévin,

Salamu kwako, pole kwa Gentille. Goti linasikia dawa ya majani aliyonipa Mama Vahwere, jirani. Tumeanza kuvuna viazi. Nitatuma gunia Léon akipata nafasi.

Umeuliza swali. Nitajibu lingine.

Kitabu, mutu anakisoma peke yake. Akifika pale Sinali ananyamaza, hakuna sauti yoyote iliyobaki isipokuwa ya kwake mwenyewe, ndani ya kichwa chake. Basi anamukopesha. Kila msomaji anamukopesha Sinali sauti yake bila kujua, na ndiyo maana wengi waliniandikia kwamba walilia. Nilifanya hivyo kusudi. Katika kazi ile yote ni kitu hicho kimoja ninachojivunia. Ukungu kweli ni murefu.

Katika salle yako hakuna wa kumukopesha. Watu wote wanamuangalia pamoja, wanangoja. Ukimunyamazisha tu, anakuwa binti aliyesahau maneno yake mbele ya watu. Nimelifikiri hilo nikiwa shambani, na naona hukuwa mjinga. Lakini ukimurudishia sauti bure, kama ile sabuni ya mashirika, basi jitu lilidai nini? Ushuru unaorudishwa jioni si ushuru.

Muambie Angélique kwamba neno lake limenifikia. Muambie pia kwamba si mimi nitakayemunyamazisha mutu wa namna ile. Weye ndiye directeur. Tafuta namna: sauti iwepo, na Sinali asiwe nayo. Ukiipata, cheza. Usiniandikie mpaka mumecheza.

Mama yako mukubwa,
Musoki


Bunia, tarehe 18, mwezi wa munane, 2009

Mama mukubwa Musoki,

Salamu ya furaha! Viazi vilifika, tulikula siku ile ile na sombe, majani ya muhogo. Siye wote wazima. Tulicheza siku ya Bikira Maria kupalizwa, na salle ilijaa mpaka batu wakakaa ndani ya madirisha.

Namna tuliipata hivi. Siku moja Didier alikuwa amevaa ile jitu ya bâche, na Angélique akaingia ndani kwa nyuma kutafuta kandambili yake iliyobaki mule. Kwa kumuchokoza akaanza kuimba. Didier naye akafungua kinywa, anachezesha midomo. Batu wote waliacha walichokuwa wanafanya. Sauti ya Angélique ilikuwa inatoka ndani ya tumbo ya jitu.

Basi tukapanga. Mpaka mulango wa mwisho Angélique ni Sinali, anaimba na uso wake. Akikubali kutoa sauti, anaingia ndani ya jitu kama mutu anaingia mu nyumba, na upande wa pili anatoka Espérance, binti mwingine wa théâtre, amevaa nguo ile ile. Espérance hawezi kuimba hata Salamu Maria, lakini iko na macho yanayosema. Kutoka pale ni jitu ndilo linaimba kwa sauti ya Sinali. Linaringa nayo, linaitia chumvi, linaimbia mawe. Sinali anatembea na mutoto mugongoni, na anasikia sauti yake kwa mbali. Ile wimbo Kamate alikuimbia, tuliibakiza. Jitu linaiimba mwishoni, na yeye anageuka, anaangalia, anaendelea na njia. Angélique anasema hajawahi kuimba kwa nguvu namna ile.

Milango ya kwanza batu walicheka. Kulikuwa commandant mumoja mbele, alicheka mpaka akapangusa macho na beret. Lakini jitu lilipofungua kinywa na sauti ya mwanamuke ikatoka, salle ilikufa. Nilisikia tu kiti moja inalia. Na ndani ya kimya ile, mutu mumoja akacheka kwa nguvu.

Ni Mama. Alikuwa benchi ya nyuma, mikono ku kinywa, anacheka mpaka kitambaa ikamuanguka.

Kesho yake asubui nilimukuta anachambua maharagi. Nikakaa karibu.

"Mama, ulichekea nini jana?"

"Didier. Mutu mukubwa vile, na binti ndani ya tumbo."

"Ni ile tu?"

Alitupa jiwe moja inje. "Liévin, yule Sinali ni miye?"

Nilitafuta jiwe lingine ndani ya maharagi. Akasema: "Yaya Musoki ndiye aliniandika mu kitabu. Najua tangu kitambo. Nilisoma mpaka mulango wa mwisho, nikafunga."

"Juu ya nini?"

"Juu anasema sauti ilichukuliwa yote." Akachambua kidogo. "Vile tulirudi kisha vita, nilikuta mabinti wapya wanaongoza korali. Nilikaa ku benchi ya nyuma. Liévin, maisha yangu yote nilikuwa ndani ya ile nyimbo, sikuwahi kuisikia kutoka nyuma. Ni nzuri sana kutoka nyuma. Nikabaki pale."

"Lakini batu wote walidhani..."

"Waache wadhani. Mutu wa kuhurumiwa ndiye wanamupatia nyama kwanza."

Nilicheka, lakini yeye aliacha kucheka. Akasema: "Sikatai. Kuna kitu kilichukuliwa. Vita haipiti bure. Kuna usiku mule pori ile sitaki kuisema, na kuna nyimbo moja siwezi tena. Lakini si yote. Umuandikie yaya, si yote. Na umuulize juu ya nini hakuniuliza."

Nimekuandikia vile alisema, maneno kwa maneno. Tutacheza tena mwanzo wa mwezi wa kumi.

Mutoto wako,
Liévin


Butembo, tarehe 9, mwezi wa kenda, 2009

Liévin, mutoto wangu,

Salamu kwenu wote. Niko muzima.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaenda kupalilia. Jioni nikaisoma tena. Kesho yake Mama Vahwere alikuja kuomba chumvi, akaniuliza kama kuna msiba. Nikamuambia hapana, kuna habari njema na sijui pa kuiweka.

Niliandika kitabu kizima ili nisimuulize mudogo wangu neno moja. Nilifika kwenu baada ya vita, nikamuona kanisani amekaa nyuma, kinywa kimefungwa, nikasema moyoni: wamemumaliza. Nikarudi Butembo nikaanza kuandika. Miaka hii yote nilikataa kuja Bunia nikisema ni barabara. Barabara ni mbaya, ni kweli. Lakini Léon anapita.

Alisema niulizwe kwa nini sikumuuliza. Jibu nitamuletea mwenyewe. Nitapanda na Léon mwisho wa mwezi, mbele, karibu na dirisha; amekubali kusafisha kiti. Muambie mama yako asipike kitu kikubwa. Najua atapika.

Musoki


Mongbwalu, tarehe 18, mwezi wa kumi, 2009

Mama mukubwa,

Nawasalimia wote mule nyumba, weye, Mama, Gentille na Gérard. Tulifika vizuri, ila barabara kisha Iga Barrière ilituvunja viuno, na jitu letu lilipata tundu ku bega; Espérance alilishona, Mama asijue.

Tulicheza mara mbili mbele ya wachimbaji wa zahabu. Wakristo kwa Waislamu walikaa chini, taa za kichwa zikiwaka juu groupe, ile mashini ya umeme, ilikufa. Walisimamisha mchezo kuuliza kama ndani ya mlima ule kuna zahabu, na juu ya nini Sinali hakuchukua hata kidogo. Muzee mumoja, Athanase, amechimba tangu ujana, alikuja nyuma kumutafuta Angélique ndani ya bâche. Akamuambia: "Mutoto, miye najua ile mlima." Akamupatia ndizi, akaenda.

Tuliondoka Bunia haraka kesho yake kisha spectacle, hatukuongea vizuri. Weye ulikaa benchi ya nyuma na Mama, nilikuona, lakini uso wako sikuuona. Sasa andika. Mchezo uliuonaje? Na kwenu mule ndani, iko namna gani?

Liévin


Bunia, tarehe 25, mwezi wa kumi, 2009

Mutoto wangu Liévin,

Salamu kutoka kwenye meza yako mwenyewe. Gentille ameenda sokoni, Gérard amesimama leo bila kushika kitu, akashangaa, akakaa. Vitunguu vya nyuma ya nyumba tunavila. Bega la jitu tulikwisha kusikia. Didier alimupigia mama yako simu kuomba uzi wa rangi ile ile.

Unauliza mchezo niliuonaje. Nitakuambia kama mwalimu. Mlima wako hauna baridi, na hauna harufu, na mutu hajui Sinali anafikiri nini akiwa peke yake. Unakimbia mno kati ya mlango wa tatu na wa tano. Babu alistahili hata maneno mawili. Yote hayo yako katika kitabu, na kitabu sitakigusa.

Lakini mimi nilipoandika kwamba jitu lilichukua sauti, sikujiuliza lilienda nayo wapi. Kwangu ilikwisha pale. Kwako iko hai, imekaa pabaya, inaimba, na kila mutu anaijua ni ya nani. Nilipoisikia inatoka katika tumbo lile nilishika mukono wa mama yako kwa nguvu. Unajua aliniambia nini? "Yaya, yale mabega nilirudia mara mbili."

Nilimuuliza siku tulipokuwa tunatwanga sombe. "Hélène, uliacha kuimba juu ya nini?"

"Si Liévin alikuandikia?"

"Aliandika. Nataka kwako."

Akaniambia yale yale, na mengine machache ambayo hayataingia katika barua hii, wala katika kitabu. Aliyasema akitwanga, hakusimamisha mchi. Kisha akaniuliza lile la kwake, nikamujibu: nilinyamaza kwa sababu niliogopa jibu. Akasema, "Basi Sinali alikuwa ni weye." Akacheka, nami nikacheka, na sombe ilikuwa imekwisha kuwa laini tangu kitambo.

Halafu akaniamuru: "Sasa nisomee. Yote. Nataka kumusikia ule mutu uliyedhani ni miye."

Tukaanza. Kila mchana, akiwa na nguo ya kushona mkononi, nami na miwani. Alinikatiza kila ukurasa. "Miye siwezi kumusemesha mutoto namna ile." "Yaya, ukungu bado?" Tulipofika kwa babu wa mbuzi aliweka sindano chini, akasema ni baba yetu kabisa, na kwamba ulimukosea heshima kumutoa. Penye mlango wa mwisho, pale alipofunga siku zile, alisema tu, "Endelea."

Jana tulifika sura ya mwisho. Mvua ilipiga mabati, ikabidi nipaze sauti. Mahali pale napaogopa tangu nilipopaandika, kwa hiyo nilisoma polepole na sikuinua macho. Nilipomaliza neno la mwisho nikangoja aseme kitu. Nikangoja tena.

Mama yako alikuwa amelala kwenye kiti, kinywa wazi, miguu juu ya rundo la vitambaa, anakoroma kushinda mvua. Nikatoa sindano kati ya vidole vyake isimuchome, nikavuta kiti changu karibu, nikakaa pale namusikiliza.

Mama yako mukubwa,
Musoki